Kitufe cha Buluu na Chipukizi la Mgomba

Kila nikifika Mabira, wilayani Kyerwa mkoani Kagera, sikosi kupita kwenye steshenari moja iliyo jirani na kijiwe cha bodaboda. Ni chumba kimoja chenye mashine ya fotokopi, kompyuta mbili, printa inayokohoa kama mzee wa kiko, na benchi ambalo siku ya soko halipati pumzi. Wengi wa wanaokaa pale hawakufuata kalamu wala daftari. Wamekuja kujaziwa fomu. Mama huyu anahangaikia cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, kijana yule anaomba mkopo wa chuo, mzee wa pembeni ana mibuni yake na ameambiwa taarifa za shamba lake ziko "kwenye mfumo". Kijana wa steshenari anauliza, anaandika, anauliza tena, kisha anateremka mpaka chini ya ukurasa na kubonyeza kitufe.

Ni kitufe hicho ninachotaka tukizungumze leo. Kina rangi ya buluu, pembe zake zimeviringwa kidogo, maandishi yake ni meupe na ni ya Kiingereza. Nimekiona kwenye fomu za ofisi ambazo hazijuani hata kwa salamu. Buluu ileile, pembe zilezile, visanduku vilevile vyenye kamstari ka kijivu. Mwenye jicho la udaku kama langu anaweza kudhani nchi nzima imejengewa mifumo na fundi mmoja.

Kwa namna fulani ndivyo ilivyo, ila fundi huyo hakai Kagera wala Dar es Salaam, na hakutudai hata senti. Kitufe ni cha bure. Kimo ndani ya furushi la vipande vya skrini vilivyo tayari, ambalo waandishi wa programu hulichukua mtandaoni na kulijengea mifumo yao. Wenyewe wanaliita laibrari, na vipande vyake wanaviita komponenti.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kutumia kitufe cha bure cha wageni hakuna aibu yoyote. Aibu ni kukitumia zaidi ya miaka kumi bila kukirudishia chochote, hata maneno yetu ya Kiswahili, halafu kumwachia bibi wa Mabira alipe gharama ya uvivu huo kwa nauli, kwa bando na kwa siri zake.

Vyaelea vimeundwa

Mwaka 2011 wafanyakazi wawili wa Twitter huko Marekani, Mark Otto na Jacob Thornton, walikuwa wamechoshwa na jambo dogo. Kila idara ya kampuni yao ilichonga vitufe na fomu zake kivyake, na hakuna kilichofanana na kingine. Wakatengeneza seti moja ya vipande kwa matumizi ya ndani. Tarehe 19 Agosti mwaka huo wakaiweka hadharani, kila mtu achukue. Wakaiita Bootstrap. Leo iko chini ya leseni ya MIT, karatasi fupi isiyofika maneno 200, inayosema kwa ufupi: chukua, tumia, badilisha, uza ukitaka, ila usifute jina la aliyeandika, na kikiharibika usitushtaki.

Baada ya hapo milango ilifunguka. Mwaka 2013 Facebook ikaachia React, namna ya kujenga skrini kwa vipande vinavyopangwa kama matofali. Juu ya React zikaota laibrari nyingine, ikiwemo Material UI iliyofuata mtindo wa Google, na Ant Design kutoka China, kwa kampuni ndugu ya Alibaba. Majina ni mengi na hayana umuhimu kwa mtu aliyekaa kwenye benchi. Wazo ni moja: fundi anayejenga nyumba hachongi bawaba. Ananunua bawaba dukani, nguvu zake anazipeleka kwenye nyumba. Tofauti hapa ni kwamba bawaba inatolewa bure, na ukitaka unapewa hata kalibu ya kuifulia.

Mtu wa Mabira hahitaji semina kulielewa jambo hili. Shamba la migomba huanza vipi? Unakwenda kwa jirani, unamwamkia, unamwambia umependa mgomba wake ule wa karibu na jiko. Jirani anachukua jembe, anakung'olea chipukizi, unaondoka nalo begani. Hakuna risiti. Hakuna aliyewahi kupeleka barua ya madai kwa sababu ya chipukizi. Lakini kuna sharti ambalo halisemwi: kesho mtu mwingine akija kwako, nawe utachukua jembe. Kwa utaratibu huo mgomba mmoja mzuri umetembea kutoka kilima hadi kilima, na umevuka Mto Kagera bila pasipoti.

Nani atadharau tulichokipata? Kitufe kinaonekana kitu kidogo, kumbe ndani yake mna kazi ya miaka. Kinapaswa kusomeka kwenye simu ya kiganjani na kwenye runinga. Kinapaswa kubonyezeka kwa kidole, kwa kipanya, na kwa mtu asiyeweza kushika kipanya anayetumia kibao cha herufi peke yake. Asiyeona anasomewa skrini na programu maalumu. Kitufe kisipojitambulisha kuwa ni kitufe, kwake hakipo. Waandishi wa laibrari hizi walikesha wakirekebisha mambo hayo, kivinjari hadi kivinjari. Kijana mwenye kompyuta moja iliyopasuka kona, aliyekodi chumba karibu na hapa, Nkwenda au Kayanga, anaanzia pale walipofika wao. Vinginevyo chama cha msingi au shule ya kata ingelazimika kumlipa mtu miezi mitatu kwa ajili ya fomu tu.

Kwa hiyo wanaobeza kwamba "vijana wetu wanakopi tu" siko nao. Kukopi chipukizi ndiyo kilimo chenyewe.

Ladha ya mgomba mgeni

Lakini mkulima halipandi chipukizi na kwenda kulala. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi uliofadhiliwa na Ubelgiji uliwaletea wakulima wa Kagera migomba ya aina mpya, ikiwemo ile ya FHIA iliyozalishwa Honduras, Amerika ya Kati. Ilikuwa na mikungu mikubwa na ilistahimili magonjwa. Wengi waliipanda na wengine wanayo hadi leo. Ila ukimuuliza mama wa huku kama ndizi ile inafaa kuwekwa mbele ya mkwe, atakutazama kwanza. Mgomba mgeni alipokelewa, akapewa kazi yake, na mgomba wa kienyeji ukabaki mahali pake. Watu walionja, wakaamua.

Kwenye skrini zetu hakuna anayeonja. Tunapanda na kuondoka.

Chukua suala la saa. Kuna laibrari mashuhuri ya tarehe iitwayo Moment, iliyoanza mwaka 2011. Mwaka 2020 wenyewe walitangaza kwamba hawataiongezea mambo mapya, lakini bado imejaa kwenye mifumo kila pembe ya dunia. Ndani yake mna faili la Kiswahili. Ukilifungua unakutana na Januari na Februari, na siku za wiki zimefupishwa hivi: J2, J3, J4, J5, Al, Ij, J1. Mara ya kwanza kuliona nilicheka peke yangu. Hilo halikuandikwa na mashine ya kutafsiri. Liliandikwa na mtu anayejua kwamba Jumamosi ni siku ya kwanza ya juma, na kwamba Alhamisi na Ijumaa zinasimama zenyewe. Ndani ya faili hilohilo yamo maneno "leo saa" na "kesho saa".

Tatizo linaanza hapo. Baada ya neno "saa" laibrari inabandika tarakimu ya saa ya Kizungu. Mfumo unaweza kutoa "kesho saa 08:00". Kwa mtu aliyekulia Kiswahili, saa nane ni saa nane. Jirani yangu mmoja alipata ujumbe wa namna hiyo kwenye simu, wa miadi ya matibabu. Hospitali siitaji, kwa sababu hata wao mfumo waliupokea tu. Akapanga safari yake vizuri, akachuma mboga, akawaachia watoto chakula, akapanda bodaboda, akafika saa nane mchana akiwa amevaa gauni la Jumapili. Daktari alikuwa ameshaondoka. Miadi ilikuwa saa mbili asubuhi. Nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, na siku nzima ya kupalilia ikapotea kwa sababu ya tofauti ya saa sita ambayo kila mtoto wa darasa la pili anaijua.

Nani wa kulaumiwa? Mgeni aliyeandika laibrari? Angejuaje kwamba huku saa zinaanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na kwamba hata jirani zetu wa Uganda wanahesabu vivyo hivyo? Yeye alituachia nafasi tuandike lugha yetu. Mwenzetu mmoja akaja akaandika siku na miezi, Mungu ambariki. Saa tukaiacha. Hazina kubwa ya lugha ya Unicode, ambayo vivinjari na simu huchota humo, nayo inayo maneno alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku. Inajua hata "saa sita za mchana". Maneno yapo. Kinachokosekana ni kipande kidogo cha kuchagulia saa, chenye akili ya kutoa sita au kuongeza sita, ambacho kila ofisi ingekichukua kama inavyochukua kitufe cha buluu. Ni kazi ya siku chache kwa kijana mmoja makini.

Tusiwabebeshe wageni kila kitu, maana mengine ni yetu mia kwa mia. Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo sasa amefikia umri wa sekondari. Lakini kuna fomu niliyoiona kwa macho yangu ambamo Mabira bado iko Karagwe. Ukichagua Kyerwa, kata hiyo huioni. Kijana wa steshenari ameshajua ujanja, anawaambia wateja wakubali tu kuwa watu wa Karagwe kwa dakika tano. Kisanduku cha kuchagulia ni cha wageni, na kinafanya kazi bila kosa. Orodha iliyomo ndani ni yetu. (Afadhali hiyo. Ukiitafuta Mabira mtandaoni bila uangalifu unapelekwa kwenye msitu wa Uganda, kati ya Kampala na Jinja, unaanza kusoma habari za nyani.)

Na majina? Sisi tuna jina la mtu, la baba na la babu. Fomu ya mgeni inauliza mawili. Moja linaachwa nje, kisha mfumo mwingine unakataa kwa kuwa majina "hayafanani". Nani hajawahi kumuona mzazi akirudishwa kwa sababu hiyo? Kila safari ya kurudishwa ina bei, na bei yenyewe hukatwa kwenye debe la maharage.

Bando na kaunta buku

Kuna gharama nyingine isiyoonekana kwa anayetengeneza mfumo akiwa kwenye ofisi yenye intaneti ya waya. Faili la mitindo la Bootstrap toleo la 5.3 linazidi kilobaiti 200 likiwa halijabanwa. Likibanwa linashuka hadi kama 30. Kuna seva ambazo hazijawashiwa huo ubanaji, na mwandishi aliyehitaji vipande vitatu amekuletea laibrari nzima. Ni sawa na kumbebesha mtu mkungu mzima kwa ajili ya ndizi moja ya mtoto. Ongeza hapo picha ya kiongozi akikata utepe, yenye uzito wa mkungu mwingine, na ukurasa unafunguka mteja akiwa ameshasinzia.

Mijini hili ni usumbufu. Huku ni fedha. Tukumbuke Aprili 2021, vifurushi vipya vya intaneti vilipotangazwa, watu wakapiga kelele nchi nzima hadi vikasitishwa. Mwananchi anajua bei ya megabaiti kama anavyojua bei ya sukari. Na ukielekea mpakani, upande wa Murongo, simu inaweza kukuhamisha kimyakimya kwenye mtandao wa Uganda, ukashangaa salio limeyeyuka kabla fomu haijafika nusu.

Ndiyo maana watu wanakwenda steshenari. Skrini ni nzito, lugha ni ngeni, saa haieleweki. Pale steshenari pana kaunta buku nene lenye jalada gumu. Ndani yake, kwa mwandiko mzuri wa kalamu ya buluu, yameandikwa majina ya wateja, namba zao za kitambulisho, namba za simu, na nywila. Naam, nywila. Kijana anazitunza kwa nia njema kabisa, kwa sababu wenyewe wakizisahau watarudi kwake. Nilipomuuliza kama haoni hatari, alinijibu kwa heshima: "Sasa mzee, bibi atazikumbuka wapi?" Sikuwa na jibu.

Wataalamu wetu wanatufundisha habari za ulinzi wa taarifa binafsi, wanapachika alama ya kufuli kwenye kurasa. Kufuli gani, ikiwa funguo za kijiji kizima ziko kwenye daftari juu ya mashine ya fotokopi? Fomu ambayo bibi hawezi kuisoma haina usalama, hata ingejengwa kwa chuma.

Mnyauko

Wapo wanaosema: basi, kwa kuwa vya bure vina matatizo, tununue vya kulipia, au kila ofisi ijitengenezee vyake. Hao nawakumbusha mnyauko.

Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko bakteria wa migomba uligunduliwa Kagera. Majani yananyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati na kuoza ndani, ukikata shina linatoa usaha wa manjano. Njia zake za kusambaa ni zilezile za ujirani wetu: chipukizi la kupeana, panga la kuazimana, na wadudu wanaotua kwenye ua la mgomba. Je, tuliacha kupeana machipukizi? Hapana. Tulifundishwa kuvunja ua la mwisho wa mkungu kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, kuunguza panga kwenye moto kabla ya kuhamia shina jingine, kung'oa mgonjwa mapema, na kujua chipukizi limetoka shamba la nani.

Laibrari huria nazo zimepata mnyauko wake. Machi 2016 mwandishi mmoja, Azer Koçulu, aligombana na wasimamizi wa npm, ghala la mtandaoni la vipande hivi, kuhusu jina la kimoja, akaondoa kazi zake zote. Mojawapo ilikuwa kipande cha mistari 11 kilichoitwa left-pad, cha kujaza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Mistari 11! Miradi mikubwa duniani ikashindwa kujengeka siku hiyo, kwa kuwa vipande vyao vilitegemea vipande vilivyotegemea hicho. Januari 2022 mwandishi mwingine aliharibu kwa makusudi laibrari zake mbili, colors na faker, akiwa ameshalalamika kwamba makampuni tajiri yanakula jasho lake bure.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Krismasi ya 2018. Waliotunza Ant Design walikuwa wameficha utani ndani yake miezi kadhaa kabla: ikifika tarehe 25 Desemba, vitufe vyote viangukiwe na theluji. Siku ikafika. Waandishi wa programu, wengi wao wakiwa China ambako siku hiyo ni ya kazi kama nyingine, wakapigiwa simu na wakubwa wao kuulizwa kwa nini vitufe vya mifumo ya ofisi vimeota theluji. Wenye laibrari waliomba radhi. Nimejaribu kuwaza theluji hiyo ikianguka kwenye fomu ya cheti cha kuzaliwa pale Mabira. Bibi angesema kompyuta imepata mba.

Kuunguza panga kwetu kungekuwa nini? Ni kujua toleo gani umepanda, na kutolibadilisha mpaka umelijaribu. Ni kuweka nakala ya vipande kwenye seva yako, badala ya kuvivuta kutoka ng'ambo kila ukurasa unapofunguliwa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia. Mfumo unaochota vitufe vyake Ulaya, siku kama hiyo, hufunguka ukiwa uchi: maandishi yamemwagika, vitufe havina umbo, hata kama seva yenye data iko nchini. Eti tuna mfumo wa taifa, lakini nguo zake zimeanikwa kwa jirani. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Waliochukua jembe

Nisije nikaonekana nadai tumekaa tu. Hapana. Mwaka 2004, wakati wengi wetu tulikuwa bado tunajifunza kufungua barua pepe, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wao kutoka Sweden, katika mradi wa Kilinux, walitoa OpenOffice kwa Kiswahili wakaiita Jambo. Iliwapasa kukaa na kuuliza: tunaitaje hiki, tunaitaje kile? Kila anayeandika leo "faili" na "hifadhi" bila kusitasita anawadai shukrani watu wa kizazi hicho.

Wakenya, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 kuingia damu, waliunda Ushahidi mwanzoni mwa 2008 ili wananchi waripoti matukio kwenye ramani. Wakaiachia iwe huria. Miaka miwili baadaye tetemeko lilipoipiga Haiti, ilitumika kule. Chipukizi liling'olewa Nairobi likapandwa Karibi.

Na kuna mfano ulio karibu zaidi, hata kama aliyekaa kwenye benchi haujui. Muuguzi wa zahanati ya kijijini anapojumlisha rejesta mwisho wa mwezi, wajawazito wangapi, malaria wangapi, chanjo ngapi, namba zile huishia kwenye DHIS2. Ni mfumo huria ambao mizizi yake ni Afrika Kusini ya miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka. Leo Chuo Kikuu cha Oslo kinausimamia, na kundi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam limekuwa likitengeneza programu za kuupanua. Vitufe na majedwali yake watu wa Oslo wamevitoa vikawa laibrari ambayo yeyote anaweza kuichukua. Kwa hiyo kutoa tunaweza. Kilichobaki ni kugeuza jambo la watu wachache kuwa desturi.

Hoja ninayoisikia mara nyingi ni hii: sisi maskini, wao matajiri, tuwape nini? Kwanza, si wote matajiri. Januari 2026 Adam Wathan, mwanzilishi wa Tailwind, mojawapo ya laibrari zinazotumika sana duniani, alieleza kwamba kampuni yake imewaachisha kazi robo tatu ya wahandisi wake. Watumiaji walikuwa wanaongezeka huku mapato yakiporomoka, kwa sababu watu siku hizi wanaiuliza akili bandia badala ya kutembelea kurasa ambamo walikuwa wakikutana na bidhaa za kulipia. Shamba la machipukizi lina foleni ndefu, na mwenye shamba ana njaa. Pili, anachohitaji mwenye shamba si fedha tu. Faili la Kiswahili la Moment halifiki mistari mia. Hakuna tajiri wa California anayeweza kuiandika mistari hiyo kutuzidi.

Ningekuwa na sauti, ningeanzia vyuoni. Kila mwaka wanafunzi wa kompyuta wa mwaka wa mwisho wanajenga mifumo ya usimamizi wa shule na ya usimamizi wa hoteli, inatetewa mbele ya walimu, inapata alama, inakufa. Mpe mmoja kazi ya kipande cha saa za Kiswahili. Mpe mwingine orodha ya mkoa, wilaya, kata na kijiji inayosahihishika, ili Kyerwa isisubiri miaka kumi mingine. Mpe wa tatu apunguze uzito wa fomu mpaka ifunguke kwenye simu ya bei ya chini, kando ya mto. Wakimaliza, waiachie kwa leseni ileile ya maneno yasiyofika 200.

Serikali nayo ina Mamlaka ya Serikali Mtandao na ina sheria yake ya mwaka 2019. Kipande kilichotengenezwa kwa kodi ya mkulima wa kahawa kina sababu gani ya kufungiwa kabatini? Ofisi ya kwanza ikilipia kipande cha majina matatu, ya pili isilipie tena. Siku ya msaragambo hakuna anayechimba mtaro wa maji mbele ya nyumba yake peke yake. Maji hayajui mpaka.

J1 au J2?

Safari yangu ya mwisho nilimkuta kijana wa steshenari ametulia kidogo, mvua ilikuwa imewazuia wateja. Nikamwonyesha lile faili kwenye simu yangu. Akalisoma kimoyomoyo, kisha kwa sauti: J2, J3, J4, J5. Akacheka kama nilivyocheka mimi.

"Nani kaandika hivi?"

Nikamwambia ni mtu tu, alijitolea. Nikamweleza na habari ya saa. Akavuta kaunta buku, akafungua ukurasa wa nyuma ambao haujapata nywila ya mtu, akapiga mstari katikati. Upande mmoja akaandika 07:00, upande wa pili saa moja asubuhi. Akaendelea kushuka. Alipofika usiku wa manane akasimama, kalamu ikiwa hewani.

"Mzee, hii saa nane ya usiku wa kuamkia Jumapili. Bibi yangu anasema hiyo ni Jumapili tayari tangu jua lilipozama. Kompyuta nayo inabadilisha siku saa sita za usiku. Na watu wa baa pale mbele watakwambia bado ni Jumamosi mpaka walale. Niiandike J1 au J2?"

Nilifungua mdomo kujibu, nikaufunga. Mvua ilikuwa imepungua, na mama mmoja alikuwa anakung'uta matope mlangoni, fomu yake ameikunja ndani ya mfuko wa nailoni.

"Karibu waitu," kijana akamwambia bila kushusha kalamu. "Kaa kidogo, ma. Kuna kitu tunakihesabu."